Miguu ya Fridah

Mto Nzoia ulimchukua Fridah akitoka kumtazama shangazi yake mgonjwa, na haukumrudisha. Vijana walipiga mbizi, wakaburuta nyavu, wakafuata kingo hadi vijiji ambavyo hakuna aliyemfahamu. Walichopata ni mkoba wake tu, umenasa kwenye matete.

Mumewe, Mukhisa, aliyeachiwa binti yao mdogo Nasimiyu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Sirisia. Alingoja mpaka mvua zikaisha na maji yakapungua. Hapo ndipo baba yake mdogo, mzee Wangila, alipomwita mbele ya ukoo na kumweleza kinachofanywa mtu akipotelea majini: hukatwa mgomba, ukavishwa nguo za marehemu, ukazikwa, na watu wakanyoa nywele wakarudi mashambani. Mukhisa aliitikia kwa kichwa. Aliyekataa ni mama mkwe wake, Pauline, aliyekuwa amekuja kutoka kijiji cha Kwanza.

"Mimi sikuzaa mgomba," alisema. "Nitaosha nini? Nitavisha nini viatu?"

Wazee wakaahirisha mazishi. Katika jamii yao mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawaketi karibu, hawatazamani usoni. Tangu harusi, Mukhisa alikuwa hajawahi kuliona jicho la Pauline. Ndiyo maana alishtuka siku mama huyo alipompigia simu mwenyewe na kumwambia wakutane Kitale. Alikuwa amesikia kuna duka linalouza wanasesere wenye kimo cha mtu mzima, wenye ngozi kama ya mtu.

Mukhisa alikuwa anawajua wanasesere hao. Walimu wenzake waliwahi kuonyeshana picha kwenye simu, wakacheka mpaka machozi. Alitaka kumwambia mama mkwe wake wametengenezewa kazi gani, akakosa mdomo wa kulisemea jambo hilo.

Duka lilikuwa la nywele za bandia na nguo za wanawake. Mwenyewe, Gladwell, mama wa makamo, aliwaona wameingia pamoja lakini wamesimama mbalimbali, kila mmoja ametazama ukuta wake.

"Huyu ni mama yako?" alimuuliza Mukhisa.

"Ni mama ya bibi yangu."

Pauline hakungoja. "Binti yangu alienda na maji. Hatuna mwili. Nataka wa kuzika."

Gladwell aliacha kukunja leso aliyokuwa ameshika. "Mama, pole sana. Lakini unajua hizi vitu ni za nini?"

"Nimezaa watoto sita. Najua. Nionyeshe."

Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba kidogo. Mwanasesere mmoja alikuwa amelala mezani, amefunikwa shuka hadi shingoni. Gladwell alieleza kwamba huyo ni wa kuonyesha tu. Wao wangechagua, kisha wangeletewa wa kwao. Kimo kilipatikana upesi, kwa sababu Mukhisa aligusa kidevu chake na kusema, "Alinifika hapa." Rangi ya ngozi nayo haikuwasumbua. Kuhusu uso Pauline alisema ufunikwe kitambaa cheupe, hataki kuuona.

"Sasa imebaki miguu," Gladwell alisema. Akatoa kwenye kabati miguu miwili iliyokatwa kwenye kifundo, akaiweka mezani kando kwa kando. "Hii iko na skrubu tatu chini ya wayo. Wa hii anaweza kusimama. Hii ingine haina skrubu, ni laini mpaka chini, lakini huyo ni wa kulala na kuketi tu. Ukimsimamisha, wayo unapasuka."

Pauline aliuchukua ule laini. Aliugeuza, akapitisha kidole gumba katikati ya vidole vya mguu huo, akaukanda kisigino taratibu, kama mtu anayemwosha mtoto mchanga.

"Huu," alisema.

"Ya skrubu," Mukhisa akasema wakati uleule.

Mbele dukani wateja walisikika wakibishana kuhusu urefu wa nywele.

Pauline alimgeukia Gladwell. "Mama, niulizie mkwe wangu. Maiti inasimama wapi?"

Gladwell alimtazama Mukhisa. Mukhisa alikuwa ameukazia macho msumari uliokuwa ukutani.

"Mwambie mama," alianza, akaacha. Akajaribu tena. "Mwambie Fridah alikuwa anasimama kwa mlango wa jikoni jioni, nikitoka shule. Hapo tu. Hakuwa anasema kitu."

Gladwell hakumwambia mtu neno. Wote walikuwa wamesikia.

Pauline aliurudisha ule mguu mezani. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu wa kwao angeliamini: alivuka chumba, akamshika mkwe wake mkono wa shati.

"Mukhisa, nitazame."

Akamtazama. Aliona uso wa mwanamke ambaye hajalala kwa muda mrefu.

"Ukimsimamisha mlangoni, na Nasimiyu amwite mama, na asiitike, utamwambia mtoto nini?"

"Ningemweka wiki moja tu, mama. Halafu tuzike."

"Na hiyo wiki ikiisha, wewe ndiye utamwangusha umweke kwa sanduku? Utaweza?"

Mukhisa alifuta uso kwa kiganja, akasukuma mguu wenye skrubu upande wa Gladwell.

"Tupatie ile laini," alisema.

Sanduku lenye mwanasesere lilifika Bungoma mjini, na Mukhisa akaenda kulichukua. Hesbon, mwendesha bodaboda wa hapo, alilifunga kwa kamba za mpira nyuma ya pikipiki, akacheka. "Mwalimu, umenunua friji?"

"Ndiyo," Mukhisa alijibu.

Walikuwa wamekubaliana lisifunguliwe mpaka Pauline afike kuosha na kuvisha. Alasiri moja Mukhisa alilifungua. Alijiambia anataka kuhakikisha tu kwamba hakijavunjika kitu. Akachukua gauni la samawati la Fridah, akamvisha mwanasesere, kwa shida, maana alikuwa mzito kuliko alivyodhani. Akamketisha kitini. Akamtazama kwa muda, kisha akamwinua kwa makwapa, akamburuta hadi mlango wa jikoni na kumwegemeza kwenye fremu.

Akaenda uani, akageuka, akarudi akitembea kama mtu anayetoka kazini.

Hakuwa amefika mlangoni vifundo vilipokunjika. Mwanasesere alianguka kifudifudi juu ya karai la vyombo, gauni likapanda hadi mgongoni, na wayo mmoja ukapasuka mpaka waya wa ndani ukaonekana. Kishindo hicho kilimtoa Nasimiyu nyuma ya nyumba alikokuwa akicheza. Mtoto alisimama, akatazama miguu, akatazama gauni, akamtazama baba yake.

Hakuita mama.

"Baba," aliuliza kwa sauti ndogo, "ni nani huyo umeua?"

Mukhisa alipiga magoti, akataka kumshika. Nasimiyu akakimbia, na jirani ndiye aliyempata shambani, amejificha kwenye mahindi, amejikojolea.

Pauline alipofika aliuona wayo uliopasuka. Aliosha mwili ule wote kwa maji ya uvuguvugu, akaufunga wayo kwa kitambaa, akavisha soksi na viatu vya Fridah vya kanisani.

Mchungaji hakuja. Alituma ujumbe kwamba kanisa halina ibada ya kitu kama hicho. Mzee Wangila alifika akiwa amekasirika. "Hii ni kitu gani mnaleta kwa boma yangu?" aliuliza, akagonga jeneza kwa fimbo. Lakini kijana mmoja alipotoa simu kupiga picha, huku wenzake wakicheka, mzee huyohuyo alimpokonya simu na kuitupa kwenye migomba. Kisha akawaamuru waliokuwa wakicheka wabebe wao. Walipoinua jeneza na kusikia uzito wake, kicheko kikawaisha. Walitembea hadi kaburini wakihema.

Mukhisa alimwaga udongo wa kwanza. Alikuwa ametarajia kitu kifunguke kifuani mwake, hata kilio tu. Hakikufunguka.

Tangu siku mwanasesere alipoanguka, Nasimiyu hakukubali kuingia jikoni, na alipolazwa kitandani alipiga mayowe baba yake akisogea. Mukhisa mwenyewe ndiye aliyemwomba Pauline amchukue. Alipakia nguo za mtoto kwenye mfuko, akawasindikiza wawili hao hadi barabarani. Nasimiyu akaondoka bila kugeuka.

Siku hizi Mukhisa huenda Kwanza Jumamosi akipata nafasi. Humkuta binti yake uani akipukuchua mahindi juu ya turubai pamoja na bibi yake. Nasimiyu humsalimia vizuri, lakini humsalimia akiwa ng'ambo ya turubai, na hasogei.

Jumamosi moja Nasimiyu alimuuliza, "Utaleta mtu mwingine kwa sanduku?"

"Hapana," Mukhisa alisema. "Sitaleta tena."

Mtoto alifikiri kidogo, akachukua gunzi lingine, akaendelea kupukuchua.