Pengo Kwenye Fensi ya Netta

Mimi ni mtu wa kelele, sifichi. Miaka kumi na minane nawakatia nyasi wapangaji wazee wa halmashauri hapa Kirkcaldy, Uskoti, na kwa sababu ya kelele za ile mashine hata nyumbani naongea kwa kupayuka. Mume wangu alishazoea. Kwa hiyo Jumanne ile Dougie, mwenzangu wa kazi, aliponisomea jina la mteja mpya, niliguna hadi paka wa watu akaruka kutoka dirishani.

"Netta Cuthill, namba thelathini na moja," alisema. "Ameandika barua tatu kuhusu fensi yake. Ofisini wanasema ana kichwa kigumu."

"Barua tatu za nini? Kwani hajaambiwa fensi ni Septemba?"

"Kaambiwa. Leo nenda kamwambie wewe, dada. Mimi nakata nyasi."

Utaratibu wetu uko wazi. Mpangaji mzee au mwenye ulemavu, asiye na wa kumsaidia, anakatiwa nyasi kila wiki mbili na fensi ya miti hai mara moja kwa mwaka, Septemba, ndege wakishamaliza kulea. Mwezi wa Mei hugusi kiota cha ndege. Ni sheria, na ukiivunja kazi huna. Nilishuka kwenye gari nikiwa nimeshajiandaa kugombana.

Na fensi yenyewe sasa! Ilinipita kimo kwa urefu wa mkono mzima, imefura hadi njia ya wapita kwa miguu. Archie, mume wa Netta, alikuwa akiipunguza kila mwezi mpaka alipofariki miaka miwili nyuma, na tangu hapo hakuna aliyeishika. Nilibisha hodi mara mbili, kimya. Mlango ulikuwa wazi, nikaingia huku namwaga maneno.

"Mama Cuthill! Mimi Rhona wa bustani! Nasikia unatuandikia barua, sasa ngoja nikueleze..."

Bibi mmoja mdogo wa miaka themanini na kitu alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, na mrija wa hewa puani kutoka kwenye mashine iliyochomekwa ukutani. Aliniacha nimalize hotuba yangu yote. Kisha akagusa sikio lake, akatikisa kichwa, akachukua kibao cheupe na kalamu.

"Una mdomo mkubwa, binti," aliandika. "Pole. Humu ndani hauna kazi."

Dougie anacheka hadithi hiyo mpaka leo.

Netta ni kiziwi tangu kuzaliwa. Dada yake Ina naye ni kiziwi, na anakaa ng'ambo ya barabara, nyumba inayotazamana na hii. Miaka arobaini na moja walikuwa wakizungumza kwa mikono, dirisha kwa dirisha, kila asubuhi wakinywa chai. Fensi ikapanda ikaziba dirisha. Mrija wa Netta unaishia kwenye kizingiti cha mlango, na nyonga za Ina haziwezi ngazi sita za kwake.

Nikachukua kalamu. "Si mwandikiane kwenye simu?"

"Herufi zinamkimbia. Mikono anaiona," alijibu. "Na simu ya picha inaganda katikati ya neno. Ijumaa mwanawe anamhamishia Inverness, mbali kaskazini. Tangu kiangazi kilichopita sijaongea na dada yangu. Sitamwona tena, na wewe unaniambia Septemba."

Nilikaa chini. Mimi, ambaye siketi kwenye kiti cha mteja na suruali yenye udongo, nilikaa, na nikaona aibu kwa yale yote niliyosema ndani ya gari.

Nikatoka nje, nikaanza kupekua fensi kwa vidole, tawi kwa tawi. Mbele ya dirisha kabisa, usawa wa kifua changu, nikakikuta kiota. Makinda wanne wasio na manyoya walidhani mimi ni mama yao, wakafungua midomo yote kwa pamoja. Ngozi ilikuwa nyembamba hadi niliona mioyo ikidunda. Nimekata fensi miaka yote hiyo na sikuwahi kuangalia ndani kwa utulivu namna ile. Nilibana pumzi nisiwapulizie.

"Basi, ndiyo imetoka hiyo," Dougie alinong'ona nyuma yangu.

"Haijatoka! Ijumaa anaondoka!"

"Rhona, ukigusa hapo nakuripoti mimi mwenyewe, haki ya Mungu."

Na angeniripoti kweli, mzee yule anapenda ndege kuliko watu. Nikarudi nyuma hatua kadhaa kutuliza hasira, na ndipo nikauona mlango. Dirisha liko kushoto, mlango uko mwisho wa kulia, na mrija unafika kizingitini. Tulipekua upande wa mlango wote wawili, mara mbili, kuanzia chini hadi juu. Hakukuwa na kiota kingine. Nikapiga simu ofisini, na hapo mdomo wangu ukapata kazi. Baada ya nusu saa ya kupigiwa kelele msimamizi alikubali: msumeno wa mkono tu, mashine hapana, na upande wa kiota usiguswe hata jani.

Tulikata kwa saa mbili nzima. Netta alisukuma kiti hadi kizingitini, mrija umekaza, akatukodolea macho. Tawi la mwisho lilikuwa bado linaning'inia nilipomwona anainua mikono. Nikageuka. Ng'ambo, mlangoni kwake, Ina alikuwa amesimama ameegemea fremu, amevaa gauni la kulalia na koti la mvua juu yake, na mikono yake ilikuwa tayari inasema.

Jamani, sijui niwaambieje. Vidole vya Netta vimekunjamana kwa baridi yabisi, hata kalamu anaishika kwa taabu. Lakini pale viliruka! Viligonga, vikapaa, vikakatisha maneno ya mwenzake, na uso mzima ukawa unazungumza pamoja navyo. Waligombana, nadhani. Walicheka hadi Ina akalazimika kushika ukuta. Dereva wa gari la mikate alipunguza mwendo, akasimama kabisa, akazima injini ambayo hakuna kati yao aliyekuwa akiisikia. Mimi niliweka msumeno chini, nikakaa juu ya rundo la matawi kuwatazama.

Baadaye Netta aliniandikia: "Ina anasema umekata kombo."

Waliongea hivyo Jumatano na Alhamisi. Ijumaa nilitumia mapumziko yangu ya mchana kwenda pale. Wabebaji walikuwa wameshamteremsha Ina wakamkalisha kwenye gari la wagonjwa, wana haraka, kuna wagonjwa wengine ndani ya gari. Netta alikuwa kizingitini. Waliongea kupitia kioo kilichofungwa, sisi wenye masikio hapo tungekuwa tumeshamaliza kuagana. Kisha gari likaondoka, na kwa hatua tatu tu likapotea nyuma ya fensi niliyoiacha kwa ajili ya makinda.

Netta akabaki mikono iko hewani.

Nikakimbilia kwenye pengo, nikasimama njiani. Gari lilikuwa limesimama kwenye kona likisubiri nafasi, na Ina, amegeukia kioo cha nyuma, alikuwa bado anaongea. Mimi namwona, Netta ananiona mimi. Basi nikatupa glavu chini nikaanza kuiga. Alichofanya Ina nilikifanya: ngumi kifuani, viganja vikafunguka, vidole viwili vikagusa kidevu. Tena vidole viwili kidevuni. Sikujua nasema nini. Nilikuwa nalia, na nikaendelea mpaka gari lilipokata kona.

Nilipoingia, Netta alikuwa amelowa machozi uso mzima. "Nimesema nini?" niliandika.

"Umesema nile vizuri," akaandika. "Kisha umeniita jina langu."

Akainua kidevu. Pana kovu dogo pale, aliangukia ndoo akiwa na miaka mitatu, na Ina akampa jina kutokana na kovu hilo kabla mtu yeyote hajawafundisha lugha ya ishara. Archie hakuwahi kulitumia. Lilikuwa la Ina peke yake. Netta akashika vidole vyangu vyenye udongo, akavinyoosha, akavirudisha kidevuni mahali panapostahili, kwa sababu nilikuwa nimelitamka vibaya.

Makinda waliruka Juni. Septemba tulikata fensi yote, ikawa chini hadi kiunoni. Kila Jumanne ya pili nikifika nazima mashine kwanza, nasimama langoni ambapo ananiona kutoka dirishani, naweka vidole viwili kidevuni, na Netta anaitika.