Nyigu wa Mama Patient

Asubuhi moja Mariette, mkimbizi Mkongo wa Kivu ya Kusini ambaye majirani katika kambi ya Nakivale, Uganda, humwita Mama Patient kwa jina la mwanawe, aliingia shambani na kopo lake la kuokotea viwavi. Hakupata hata mmoja wa kuua. Nyigu wadogo kuliko sisimizi walikuwa wametaga mayai ndani ya kila kiwavi, na viwavi wamekauka juu ya kabichi. Alipiga kigelegele kikasikika mpaka ziwani.

Jioni nyigu walimfuata nyumbani, wakalala juu ya turubai la paa. Jumapili walikwenda naye kanisani. Mchungaji alipoomba wageni wasimame, waliinuka wote juu ya benchi la akina mama, kanisa likawapigia makofi kama ilivyo desturi.

Kabichi zilifunga vichwa, vikubwa na vigumu. Goretti, mchuuzi wa Mbarara, alikuja mwenyewe kutoka mtaani kwake Nyamitanga kuzigonga kwa kiganja.

“Hizi hazina dawa kabisa? Banange! Kesho naleta gari!”

Mariette alishindwa kula kwa furaha. Muhula huu Patient angerudi shule.

Kabla ya gari akafika Mzee Eliezeri, mwenyeji aliyemkodisha shamba hilo baada ya viwavi kumshinda.

“Mama Patient, mimi nachukua tena shamba yangu.”

“Na kabichi zangu, Muzee? Si njo miye nililima?”

“Ziko kwa udongo yangu, nyabo.”

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Eliezeri alikwisha kupona. Mkimbizi hana hati ya ardhi, kila mtu analijua hilo, kwa hiyo hakuna aliyepiga kelele. Goretti alipofika, alipakia kabichi zilezile akamlipa Eliezeri. Patient alibaki nyumbani.

Mariette alilia waziwazi, akajipangusa kwa kitenge. Nyigu walimzunguka kichwani wakingoja.

Eliezeri akakohoa. “Ndugu yangu wa kule Kabingo, viwavi imeharibu shamba yake yote. Atakukodisha. Lakini uende na hao watu wako.”

Nyigu hawakungoja jibu. Huko viwavi walikuwa tele, nao wakatangulia bondeni kwa shangwe, wingu zima likivuma. Mariette alitia jembe begani akawafuata mbio, na moyo wake, jambo lililomkera hata yeye mwenyewe, ukaanza kudunda kwa furaha. Alijua kwamba kabichi zikifunga tu, huyo ndugu naye atakuja.