Upande Mwingine wa Shafti

Mkanda wa msumeno ulikatika paa, shafti ikiwa nusu imekatwa. Mkata vyuma akazima mashine, na moyo wake nao nusura uzime, kwa maana mnunuzi wa ule msumeno alikuwa tayari ameegesha pikapu mlangoni.

Mwenye karakana alikuwa kaka yake, ambaye mafundi walimwita Mbio kwa kuwa hajui kungoja hata chai ipoe. Alishachoshwa na mashine inayotafuna mikanda. Na msumeno ukiondoka, dada naye hana lake pale, maana kazi yake ni kukata tu.

"Umebaki mkanda mmoja," Mbio alisema. "Ukizimaliza shafti zote za leo kwa huo, msumeno unabaki. Mkanda ukikatika, jamaa anapakia. Usije ukaninunia."

"Sawa, kaka. Ila leo usiiguse mashine."

Akauvalisha mkanda mpya, akaukaza sawasawa.

"Endelea hapo hapo ulipoishia, bwana. Si nusu imeshakatika?"

Masikini Mbio! Hapo hapo ndipo mikanda yao yote ilipokuwa ikifia, na dada alikuwa ndiyo kwanza ameling'amua. Mkanda mzee, meno yameshalika pembeni, huacha mfereji mwembamba. Ukiutumbukiza mpya humo, unabanwa na meno yanang'oka. Akalegeza jiliwa lililoibana shafti, akaigeuza juu chini, akaanza upande ambao haujaguswa. Mgandamizo wa msumeno juu ya chuma akaupunguza hadi nusu.

"Sasa unaubembeleza?"

"Ndiyo, naubembeleza. Meno mapya yana ncha kali mno. Ukiyakandamiza mapema, ncha zinapukutika. Yaache yazoee kwanza."

Mbio akaguna, akaanza kuzungukazunguka mle ndani. Dada hakuwa na habari naye. Masikio yalikuwa kwenye mashine, macho kwenye vipande vyembamba vya chuma vilivyokuwa vikimwagika. Vilitoka vimejikunja vizuri, vyeupe, vuguvugu tu mkononi. Si unga, wala havikuungua vikawa bluu. Maji ya kupoozea yalitiririka juu ya meno, na sauti ilikuwa moja, haitetemi. Furaha ikampanda hadi kooni. Akaongeza mgandamizo kidogo, akasikiliza, akaongeza tena. Shafti zikadondoka moja baada ya nyingine, na kila ilipodondoka mafundi walizidi kuacha kazi zao na kusogea.

Mnunuzi naye hakuvumilia. Akaingia, akaokota kipande, akakipapasa pale kilipokatwa.

"Mashine nzuri hivi, mbona mnaiuza?"

Mbio akamkazia macho. "Nani kakwambia tunauza?"

Karakana nzima ikaangua kicheko, na mnunuzi akacheka nao, ingawa pikapu yake iliondoka tupu. Dada alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kiwiko.

Ilibaki shafti ya mwisho. Mbio aliibeba mwenyewe, akaifunga kwenye jiliwa. Mkono wake ukakimbilia kidhibiti cha mgandamizo, kama kawaida yake, halafu ukasita hewani. Akamtazama dada yake.

"Niweke ngapi?"

"Hapo hapo ulipo, kaka. Uache msumeno ukate wenyewe."

Mbio akakunja mikono kifuani, akasimama kando ya msumeno, akangoja.