Kamera ya Kumfuata Susu

Mimi nina hasira za karibu, nakiri mapema. Kwa miezi minne nilimkasirikia susu yangu, yaani bibi yangu mzaa mama, kwa kosa ambalo hakulifanya.

Susu Kamanthe ndiye pekee kijijini kwetu Kalama aliyebaki na nakshi moja ya kiondo, kile kikapu cha kusuka kwa mkonge: mistari ya kahawia na zambarau inayopishana, ambayo alifundishwa na mama yake. Nilimwahidi kwamba nitairekodi yote, mwanzo hadi mwisho, niiweke kwenye chaneli yangu ili isipotee siku akituacha. Nikamkalisha kwenye kiti pale uani, simu nikaisimamisha kwenye stendi, tukaanza.

Kila siku alikosea. Alihesabu nyuzi za mkonge, akakwama, akafumua, akaanza upya. Mimi na haraka zangu nikawa naguna na kuangalia saa. Miezi minne ilipoisha bila hata mzunguko mmoja wa nakshi kukamilika, hasira iligeuka woga. Niliamini kabisa kwamba akili ya susu inaanza kuondoka. Nikasema heri ninunue kamera ya maana, tena upesi, nipate hicho kidogo kilichobaki kichwani mwake.

Kwa hiyo tukaenda Machakos mjini, susu na mimi, na kiondo chake kwapani kama kawaida. Duka la kamera liko ghorofani, na muuzaji anaitwa Josphat, kijana mpole asiye na maneno mengi. Nilikuwa nimesoma maoni ya watu mtandaoni hadi macho yakaniuma, na chaguo langu nilikuwa nalo tayari: ile kamera ndogo nyeupe, nyepesi, yenye skrini inayogeuka, na picha kali mpaka unaona unyuzi mmoja mmoja. Josphat aliniuliza nitarekodi nini. Nikamwambia ni bibi akisuka, amekaa.

Akaiweka juu ya kaunta, susu akaketi kwenye kiti mbele yake, akaanza kusuka. Picha ilitoka safi ajabu. Vidole vya susu vikakwama palepale vinapokwamaga. Nikamwambia Josphat aifunge tu, tuende.

Alipokuwa akitafuta boksi, susu alichoka na kile kiti, akainuka na kutoka nje kwenye veranda. Baada ya muda Josphat aliniita kutoka mlangoni.

"Dada, hebu kuja uone susu yako."

Susu alikuwa akitembea, huko na huku, mbele ya milango ya maduka. Macho yake yalikuwa barabarani, anaangalia watu wa sokoni, na vidole vinakimbia vyenyewe kwenye kiondo. Kahawia, kahawia, zambarau. Hakuhesabu wala hakutazama. Alipogeuka mara ya tatu alikuwa amemaliza mzunguko mzima, na nakshi imekaa sawasawa.

Nikamuuliza kama siku zote hizo alikuwa anaweza.

"Mimi nasuka nikienda," akasema. "Mama alinifundisha tukienda kuteka maji. Mkono unafuata mguu. Wewe ndio uliniweka kwa kiti, nikafikiri kamera ndio inataka hivyo."

Nililia palepale, mbele ya wateja wa watu. Nililia kwa aibu, kisha kwa shukrani, maana susu yangu alikuwa mzima na hakuna kilichokuwa kimempotea.

Josphat aliniacha nipanguse machozi, kisha akanipa ile kamera nyeupe nimfuate nayo. Picha iliruka mpaka kizunguzungu. Akaingia ndani akaleta nyingine, nyeusi, nene, ya muundo wa zamani kidogo.

"Hii haina urembo," akasema, "lakini iko na kitu ndani cha kutuliza picha ukitembea."

Akaizuia pia isitafute uso wa mtu yenyewe, kama kamera zilivyozoea, ili ing'ang'anie vidole. Nilitembea kinyumenyume mbele ya susu, veranda nzima, na picha ikatulia. Nikainunua hiyo. Nilimshukuru Josphat mpaka yeye mwenyewe akaona haya. Angeweza kuniuzia ile niliyoitaka na asisumbuke.

Jumamosi tulirekodi njia yote kutoka kwa susu hadi kanisani. Mimi nilirudi kinyumenyume, macho kwenye skrini, na susu hakuitazama mikono yake hata kidogo. Alikuwa anaitazama njia, kwa niaba yetu sote wawili.

"Kuna jiwe nyuma yako," alisema. "Pita huku kushoto."

Nikapita kushoto. Nakshi yote imo kwenye video hiyo, na ndani yake susu ananionya mara kumi na moja nisianguke. Sijakata hata moja.