Mkono wa Babu Bure

Asubuhi, vumbi ndilo huamka kwanza. Gurudumu la kwanza hulitimua barabarani, jua hulidaka likiwa bado linaelea, nalo hupita dirishani likaenda linakotaka. Halijui lilikotoka, halijui liendako. Mzee aliyekaa kitini alilitazama kama mtu anayemtazama ndugu yake.

Watoto wa mtaani wanamwita Babu Bure. Umwambie mvua imenyesha, umwambie fulani kaoa, jibu lake ni lile lile: yote bure. Halisemi kwa uchungu, hulisema kama mtu anayetaja saa. Tangu mkewe azikwe ameangalia juu, ameangalia chini, ameangalia ndani ya kikombe cha pili ambacho hakuna anayekinywea tena, na hajaona sababu ya lolote.

Na bado kila asubuhi mzee huyo huyo hushuka ngazi na kibao chake chekundu, husimama kwenye kivuko cha waenda kwa miguu ambacho rangi yake ilishafutika, hunyoosha mkono. Magari husimama. Watoto wa shule huvuka. Hakuna aliyemwajiri, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mpaka jana jioni, binti yake alipopiga simu kutoka mbali.

"Baba, kama yote bure, huko barabarani unafuata nini?"

Alisema kwa utani tu. Mzee akamuaga. Simu ilipokatika nyumba ilinyamaza, upweke ukamkalia kifuani. Mtu mkweli huishi anavyoamini, aliwaza. Basi kesho sishuki.

Ndiyo maana leo amekaa. Kibao kiko nyuma ya mlango, chai imepoa, saa ya shule imefika. Yote bure, alijiambia, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Kisha akasikia kimya. Kimya cha nyumba yake anakijua, amelala nacho, ameamka nacho. Hiki kilikuwa kimya cha barabara. Akasogea dirishani.

Magari yalikuwa yamesimama. Upande huu na upande ule yamesimama kwa mazoea, mbele ya kivuko kisicho na mtu. Na ukingoni watoto nao wamesimama, wameshikana mikono, wakiungoja mkono ambao haupo. Dereva wa lori la mchanga alitoa kichwa nje.

"Vukeni basi, si nimesimama?"

"Mpaka Babu Bure atuvushe," alijibu msichana wa mbele, begi limemzidi mgongo.

"Yuko wapi sasa?"

"Anakuja."

Dereva akazima injini. Hakupiga honi. Nyuma yake na wengine wakazima.

Mzee alicheka peke yake, kicheko kikamtoka pamoja na machozi. Ee dunia isiyo na sababu, nani kawaamuru hawa? Hakuna. Mtu mwenye haraka zake kazima gari kwa neno la mtoto, na mtoto katoa neno kwa kumwamini mzee asiyeamini kitu. Wamekubaliana, basi. Na honi moja tu ingetosha kuyavunja makubaliano yao.

Alishuka mbio, kandambili moja ya bluu, nyingine nyekundu, kibao amekisahau.

"Umechelewa, Babu."

"Nimechelewa, mama. Nisamehe."

Akanyoosha mkono mtupu, wakavuka. Binti yake akipiga tena, atamwambia: bado ni bure, mwanangu, ila wananingoja.

Hapo ndipo alipoona kwamba vumbi limetua. Hakuna gurudumu lililokuwa likizunguka, na hewa ilikuwa safi mpaka kule kwenye geti la shule, ambalo hakuwahi kuliona vizuri kutoka hapa. Yule msichana aligeuka, akampungia.

Injini ya lori ikawaka. Vumbi likainuka tena, likamfunika mzee, peke yake katikati ya barabara, mkono bado uko juu.