Gauni Ndani ya Supu

Tangu Bwana Semina arudi kutoka kwenye semina iliyompa jina hilo, duka lake la udobi halikuwa tena na tatizo hata moja. Neno lenyewe lilipigwa marufuku. Mteja akisikia "tatizo" anakimbia, alisema. Akisikia Kiingereza anatulia. Akabandika ukutani semi za Waingereza za kueleza shida, akaamuru kila hitilafu itangazwe kwa mojawapo. Atakayekosea atakatwa mshahara.

Msichana wa kaunta alizikariri zote. Alikuwa kwenye majaribio, na siku hiyo ndiyo ya kujua kama ataajiriwa au ataonyeshwa mlango. Alizikariri huku akiwashangaa wenye lugha. Kwa alivyowaelewa, Waingereza wakipatwa na shida hukimbilia jikoni: huyu yumo ndani ya supu, yule ndani ya achari, mwingine ndani ya jamu, na anayeruka kikaangoni anatua motoni. Asiyekuwa jikoni amebanwa kati ya mwamba na mahali pagumu, kana kwamba mwamba ni godoro. Kwao nyumbani, maji yakimfika mtu shingoni alisema yamemfika shingoni, na mwenye kamba akaleta kamba.

Mzee Mvuke, mfuaji, alimwita kwa kidole nyuma ya pazia.

"Mwanangu, tumekwisha."

Alikuwa ameshika gauni la harusi. Lilikuja jeupe pepepe. Sasa lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kifuani hadi kwenye mkia.

"Limefanywa nini, babu?"

"Bomba linatoa maji ya kutu tangu juzi."

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Nimesimama mbele ya ule ukuta mpaka magoti yakauma. Supu ipo, achari ipo. Kutu haipo. Nikaogopa kukosea. Nikanyamaza, nikafua."

Binti alimwendea Bwana Semina, aliyekaa kwenye kiti cha wateja, kalamu mkononi, akisubiri kumpima. Akamnong'oneza yote. Bwana Semina hakushtuka. Alifurahi, kama mwalimu aliyeletewa swali analolipenda.

"Safi sana. Akija, mwambie kwa lugha ya kazi."

Bibi harusi akaja, hina ikiwa bado mbichi mikononi, viganja kaviinua asichafue mlango.

"Dada, nimefuata gauni langu."

Binti alimtazama bosi. Bosi akaitikia kwa kichwa, endelea. Akasema kwa Kiingereza safi kwamba wako ndani ya supu.

"Supu?" Bibi harusi alicheka. "Mdogo wangu, mimi nimeshakula. Gauni."

Binti akasema wamebanwa kati ya mwamba na mahali pagumu. Kalamu ya Bwana Semina ikaweka alama ya vema.

"Nani kabanwa? Gauni? Haya, naona mna kazi nyingi leo. Basi tutalipitia kesho tukielekea ukumbini. Mlikunje vizuri tu."

Akageuka. Bwana Semina akapumua, akatabasamu: mteja katulia, kama alivyoahidiwa kwenye semina. Binti aliona mgongo ule unaondoka na furaha yake yote. Akaiona kesho: magari yanapiga honi nje, na mfuko wa gauni unafunguliwa hapa kaunta.

"Dada, subiri. Gauni lako tumeliharibu. Tumelifua kwa maji ya kutu, limekuwa rangi ya chai. Halitatoka."

Bibi harusi alirudi taratibu.

"Harusi ni kesho."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia leo."

Machozi yalimtoka, na kwa sababu ya hina hakuweza kuyafuta. Binti akamfuta kwa kitambaa cha kaunta. Kisha bibi harusi akaomba dada yake apigiwe simu, akashikiwa simu sikioni. "Lile gauni lako bado lipo? Litoe kabatini. Na mwite fundi cherehani, mimi mnene kukushinda. Nakuja sasa hivi." Mlangoni akageuka kwa Bwana Semina. "Gharama utalipa. Hilo umeelewa, au nikupikie supu?"

Alipotoka, bosi alisimama.

"Ulikuwa umeshafaulu. Umejiharibia mwenyewe. Sasa utaendelea na majaribio mpaka semi zikuingie."

"Nitaendelea, bosi. Ila kikiharibika kitu, nitasema kimeharibika."

Pazia likafunguka. Mzee Mvuke alisimama pale, mikono ikichuruzika.

"Bosi, na mimi niseme. Kutu. Maji yana kutu, na suti yako ya kwendea semina ya pili imo mashineni sasa hivi."

Bwana Semina alifungua mdomo. Alitafuta Kiingereza, hakukipata.

"Zima mashine," alisema kwa sauti ndogo. Kisha, akimpita binti mbio, "Na wewe mpigie fundi bomba. Mwambie hivyohivyo ulivyomwambia yule."