Kitanda cha Ionie

Verona Dacres alikuwa na miaka saba alipomponza mama yake kwa kuimba. Siku hiyo shamba la miwa la Clarendon lilisimama. Wapaliliaji waliegemea majembe wakimsikiliza mtoto aliyekaa kwenye tuta, mpaka nyapara, Lascelles Pinnock, akaja mbio juu ya nyumbu wake. Mtoto hakumgusa. Alitangaza tu kwamba Ionie Dacres ameingiza chombo cha muziki kazini bila kibali, na chombo chenyewe ni binti yake.

Jioni kitanda chao kikatolewa kambini, kikatupwa barabarani. Mvua ikashuka. Ionie akakaa juu ya godoro kama yuko sebuleni kwake.

"Haya, imba," akamwambia mwanawe. "Si ndiwe chombo changu?"

Verona akaimba: *Ionie, kitanda chako kiko barabarani, nani kakitoa?*

Alipokua aliupeleka wimbo huohuo Kingston, kwenye studio ya Egbert Tulloch. Kila Jumapili Tulloch aliwapanga waimbaji uani, naye akila wali na maharagwe ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Aliyemfanya aache kula ndiye aliyerekodiwa. Kwa Verona aliweka kijiko chini.

"Sauti unayo, dada. Ila huyo Ionie nani?"

"Mama yangu."

"Nani atacheza dansi na mama yako? Mtoe."

"Nikimtoa kinabaki nini?"

"Inabaki nafasi. Nafasi inauzika."

Verona alikuwa hajala tangu jana yake. Njaa ndiyo iliyokubali, si yeye.

Huko Kingston, mwenye mitambo ya muziki wa dansi hataki santuri aliyonayo jirani. Anataka yake mwenyewe: mwimbaji yuleyule, wimbo uleule, ila umtaje yeye. Basi Verona akapata umaarufu kwa kujaza nafasi ya mama yake. Walianza wenye mitambo. Likafuata duka la makochi. Akaja mwenye kampuni ya mazishi, na wimbo wake watu waliucheza kupita zote. Ikawa kitanda cha kila mtu kiko barabarani, na kila mtu anafurahi.

Ionie, aliyekuwa akisikiliza redio kwa jirani, akamfuata mjini na shelisheli kwapani.

"Mwanangu, juzi nilikuwa kiwanda cha mikate. Leo asubuhi nimekuwa farasi."

"Ni farasi wa mashindano, mama. Alishinda."

"Nampongeza. Mimi lini nitakuwa Ionie?"

Verona akampelekea Tulloch swali hilo. Tulloch akacheka mpaka akakohoa. "Siku mama yako akigombea kitu, tutamweka!"

Aliyegombea ni Pinnock. Nyapara sasa alitaka udiwani. Aliingia studio na viatu vyeupe, asimtambue Verona hata kidogo. Watu kama yeye hawana haja ya kukumbuka. Kazi hiyo wametuachia sisi.

"Nitaje mara nyingi, binti. Mengine shauri yako."

"Mengine yote, bosi?"

"Watu husikia jina tu."

"Basi kaa usikilize."

"Nina haraka mimi. Tulloch, washa mashine."

Akaondoka. Verona akafumba macho, akaimba: *Ionie, kitanda chako kiko barabarani, nani kakitoa? Pinnock, Pinnock, Pinnock kakitoa.* Nyuma ya kioo Tulloch aliinua mkono amkatize, akawaza ni Pinnock wangapi tayari wameingia, akaushusha. Mteja alitaka wengi, amepata wengi.

Gari la kampeni likazunguka Clarendon, vipaza sauti juu, Pinnock amesimama nyuma akipunga kofia kila alipojisikia akitajwa. Wapaliliaji wakatoka kambini. Mwanzo walisikiliza tu. Halafu mama mmoja akarudi ndani, akatoka na godoro kichwani, akalitandika njiani. Wakafuata wote ambao Pinnock aliwahi kuwatoa, na vitanda, na mikeka, na kochi moja la mtu aliyefanikiwa. Gari likakwama.

"Mnaona upendo huo?" Pinnock akapaza sauti. "Wamekuja kulala hapahapa wasubiri kura! Ongezeni muziki!"

Wakaongeza.

Ionie, aliyekwisharudi kutoka mjini, alikuwa katikati ya barabara, juu ya kitanda kilekile, miguu ikining'inia. Verona, aliyekuja kutoka Kingston kushuhudia, akapanda akakaa ubavuni mwake.

"Mama, umesikia?"

"Hebu nyamaza kwanza. Wananitaja."